Wahadhiri wa mikoani: kinachotumaliza ni mshahara, au ni kazi isiyojua saa?

#1 Mwana wa Isevya

Wakuu, salaam.

Nafundisha chuo kikuu. Familia iko Tabora mjini, Isevya. Kazi iko mkoa mwingine, na chuo naomba nisikitaje. Wiki hii niko nyumbani, eti likizo ya muhula. Nimekuja na kiroba cha skripti (karatasi za majibu ya mtihani), kile cha kilo 50, kimefungwa kamba ya katani na kimesafiri kwenye buti la basi chini ya mabegi ya watu. Nimezipanga juu ya meza ya chakula, kwa hiyo watoto wanakula mkekani. Nasahihisha swali la kwanza kwa darasa zima ndipo niende la pili, maana ukisahihisha mtu mmoja mmoja, wa asubuhi wanapata huruma na wa usiku wa manane wanapata uchovu wako. Hiyo si haki kwa mtoto wa mtu.

Hoja yangu ni hii. Kila wahadhiri tukikutana tunalia mshahara. Mimi nasema mshahara unakuja wa pili. Kinachokula maisha yetu ni kazi ambayo haina jioni, haina Jumapili wala likizo. Ukiniongezea pesa leo ukaniachia kiroba hiki, nitakuwa na pesa na mke wangu bado atakuwa anaongea na kisogo changu.

Nani anakubali, nani anapinga? Leteni visa vyenu.

#2 Chaki na Vumbi

Nakupinga mapema, mkuu. Mimi siku za kazi nafundisha kwa mwajiri wangu, jioni niko chuo cha pili pati taimu, Jumamosi niko cha tatu. Hakuna aliyenishika mkono kunipeleka huko. Ada ya watoto ndiyo iliyonipeleka. Serikali inachukua 30% ya mshahara, bodi ya mikopo ya wanafunzi 15%, hapo nusu imeshaondoka kabla hujanunua hata kilo ya sukari. Hiyo kazi isiyoisha unayoilalamikia imezaliwa na mshahara mdogo. Ulipe vizuri, watu watalala nyumbani.

#3 Fundi Hesabu

#2 tuweke hesabu sawa kwanza. Asilimia 30 haikati mshahara wote, inakata kile kinachozidi 1,000,000 tu. Laki mbili na sabini ya kwanza haina kodi kabisa, na katikati kuna viwango vya 8, 20 na 25.

Chukua mfano wa 2,000,000 kwa mwezi, chuo cha umma. (Ni namba ya kuhesabia tu, sio mshahara wa mtu.) PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, 5% ni 100,000. Kodi inapigwa kwenye 1,900,000 inayobaki, inatoka 398,000. Bima ya afya 3% ni 60,000. Bodi 15% ni 300,000. Kinachoingia benki ni 1,142,000. Yaani karibu 43% imeondoka, na hapo hujagusa mkopo wa benki wala kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa.

Kinachouma zaidi hapo ni bodi. Kabla ya mabadiliko ya sheria ya 2016 makato yalikuwa 8%. Yalipopanda kuwa 15%, vijana wengi wa vyuoni walikuwa wameshapanga maisha kwa hesabu ya zamani. Siku deni linapoisha mtu anajisikia kama amepandishwa cheo.

#4 Chaki na Vumbi

Asante fundi. Sasa niambie, aliyekatwa 43% atakataa vipindi vya jioni? Hoja yangu iko pale pale.

#5 Ujiji Kwetu

Mnaongea saa na pesa, mnasahau umbali. Mimi niko Kigoma. Mwenzangu wa Dar akialikwa kongamano anapanda daladala, mimi napanda basi linalomaliza mchana na usiku njiani. Kazi za ushauri zinagawiwa huko huko, wafadhili wanakutana huko huko, na machapisho mengi huzaliwa kwenye mazungumzo ya watu wanaoonana kila siku. Halafu kamati ya vyeo inatupima kwa kipimo kimoja.

Kipindi cha kukagua wanafunzi walio kwenye mazoezi ya kufundisha ndipo utakapoijua kazi hii. Shule moja iko Kasulu, nyingine Buhigwe, na akitokea aliyepangiwa kusini mwa mkoa, kando ya ziwa, upande wa Kalya, unapanda boti na unalala pale upepo utakapoamua. Posho ya safari inakuja umesharudi, wakati mwingine muhula umeshaisha. Umejikopesha mwenyewe ili ufanye kazi ya mwajiri.

Lakini niseme na la upande wa pili. Nyumbani kwangu Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, hadi kazini ni mwendo wa dakika chache. Samaki nanunua Kibirizi wakiwa wabichi. Mwenzangu huyo huyo wa Dar anaamka saa kumi alfajiri kwa ajili ya foleni. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama nina maisha bora, lazima nimuulize anapima nini.

#6 Migebuka Mbichi

#5 ndugu yangu wa Kigoma, uzi una posti tano na umeshaingiza samaki. 😂 Endelea hivyo hivyo, watu wa Tabora wanateseka huko.

#7 Mwana wa Isevya

#6 tuna asali na karanga, hatuteseki. 😂

#5 umesema neno. Hiyo ya kujikopesha nimeipitia Urambo na Sikonge, bodaboda kwenye mchanga kutwa nzima, risiti hakuna, na mhasibu anataka risiti.

#8 Binti wa Cheyo

Habari zenu. Naona hadi sasa wameongea wanaume tu, ngoja nami niseme.

Kaka Isevya amesema anasahihisha mezani na mke wake anaongea na kisogo. Sasa geuza picha. Mimi ndiye mhadhiri na mimi ndiye huyo mke. Narudi jioni, napika, nakagua madaftari ya watoto, nawalaza. Skripti nazifungua saa nne usiku. Nimeshalala juu ya karatasi ya mwanafunzi na asubuhi wino mwekundu uko shavuni.

Sheria inanipa siku 84 za uzazi, 100 wakiwa mapacha, nashukuru. Lakini zile siku hazisimamishi kalenda ya machapisho. Wenzangu tulioanza nao pamoja tukiwa wakufunzi wasaidizi sasa ni wahadhiri waandamizi. Fomu ya kupanda cheo inauliza umechapisha nini, haiulizi nani alikuwa ananyonyesha.

Na kuna kazi nyingine haina jina wala malipo. Binti akipata ujauzito, akinyanyaswa, akikosa pa kulala, anakuja mlangoni kwangu kwa sababu mimi ni mwanamke. Sitamfukuza. Saa mbili zinapita, mimi na yeye tunalia, halafu naingia darasani. Hiyo iandikwe kwenye safu gani ya mzigo wa kazi?

#9 Chaki na Vumbi

#8 dada, pole sana. Hili sina cha kulijibu kwa mshahara.

#10 Mzee wa Igombe

Wanangu, nimestaafu, nafuga nyuki. Nimesoma yote nikaona niweke la kwangu.

Nilianza kufundisha mwishoni mwa miaka ya 70. Chuo kilikuwa na nyumba za wafanyakazi, maktaba ilipokea majarida, na mtu wa cheo changu aliishi bila hofu. Miaka ya 80 shilingi ikaporomoka. Mwaka 1986 nchi ikaingia kwenye mpango wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, na elimu ya juu ikaonekana ni anasa ya wachache. Tulifuga kuku nyuma ya nyumba za chuo. Wenzetu wazuri sana walikwenda Botswana na Lesotho, wengine hawakurudi.

Sasa sikilizeni. Umaskini ule tuliuvumilia kwa sababu tulikuwa na sauti. Tulikaa kwenye vikao, tuligombana na wakuu wa vyuo, na mwaka 1990 jumuiya za wanataaluma zilikutana zikatoa Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma. Mwaka 1997 UNESCO ikapitisha pendekezo lake kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu, linagusa mishahara, mzigo wa kazi, hifadhi ya jamii na haki ya kushiriki kuendesha chuo. Nawauliza: nani kati yenu amelisoma? Nani amelipeleka kwenye kikao cha idara?

Mimi naona kinachowamaliza ni kwamba mnachoka kila mtu peke yake.

#11 Ujiji Kwetu

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, enzi zenu darasa la watu 40 lilikuwa kubwa. Leo mtu ana 600, nusu wamesimama dirishani, na kipaza sauti hakipo. Sauti ya kwenye vikao tutaitoa wapi wakati koo lenyewe limeshakauka saa nne asubuhi?

#12 Mzee wa Igombe

Marahaba. Ndiyo maana nasema mkaseme kwamba kipaza sauti hakipo.

#13 Mtafiti Mdogo

Uzi mzuri. Nafanya utafiti unaokaribiana na hili, niongeze kidogo.

Robert Karasek, mtafiti wa mambo ya kazi, aliandika mwaka 1979 kwamba uzito wa kazi peke yake haumvunji mtu. Kinachomvunja ni kazi nzito ambayo hana usemi juu yake: aanze lini, aifanyeje, apumzike saa ngapi. Mtafiti mwingine, Johannes Siegrist, mwaka 1996 akaja na njia nyingine: mtu huumia pale jasho linapozidi anachorudishiwa. Na kwake kinachorudi si pesa peke yake, kuna heshima, kupanda cheo, na uhakika wa ajira. Kwa hiyo #1 amesimama karibu na Karasek, #2 karibu na Siegrist, na #8 amewapita wote wawili kwa sababu nadharia hizo zinaanzia kazini na kuishia kazini, wakati kazi yake nusu iko nyumbani.

Kuhusu swali la #5, anayepima anapima nini: dodoso fupi la WHO (Shirika la Afya Duniani) la ubora wa maisha lina maswali 26, limegawanywa kwenye mwili, akili, mahusiano na mazingira. Swali la kama pesa inakutosha ni moja tu. Mengine yanauliza usingizi, nguvu za siku, marafiki, usafiri, nafasi ya kustarehe, kama unafikia huduma za afya. Mhadhiri wa Kigoma anaweza kumshinda wa Dar kwenye usafiri na akashindwa kwingine.

#14 Chaki na Vumbi

Mtafiti, nimekuelewa, lakini usemi haulipi ada. Niwekee usemi wote, nipangie ratiba yangu mwenyewe, mwezi ukifika tarehe 15 mfukoni hamna kitu. Nitautumia huo usemi kwenda kufundisha chuo cha pili.

#15 Mtafiti Mdogo

Na ukilipwa mara mbili, halafu mkuu wa idara akupigie Jumamosi usiku kwamba Jumatatu unafundisha kozi usiyoijua?

#16 Chaki na Vumbi

Nitaifundisha nikiwa nimeshiba. 😂

#17 Kijana wa Vimbweta

Naomba ruhusa wakubwa, mimi ni mwanafunzi. Nimesoma kwa makini na nawaonea huruma kweli. Lakini na sisi tuna maisha. Matokeo yanachelewa hadi tunaingia muhula mwingine hatujui nani ana sapu, yaani mtihani wa kurudia. Kozi waka, zile kazi na majaribio ya muhula, tunarudishiwa namba tupu, hakuna neno moja pembeni la kukuambia ulipokosea. Kuna mwalimu tulimsubiri kwenye vimbweta, viti vya nje vya wanafunzi, mchana mzima asaini ripoti ya fildi (mafunzo kwa vitendo), kumbe yuko mji mwingine anafundisha chuo kingine. Mtu akidisko, yaani akaondolewa chuo kwa kufeli, kwa sababu hakuelekezwa, hilo deni la bodi analilipa kwa kazi gani?

Chaki, usikasirike, lakini Jumamosi yako ya chuo cha tatu, sisi wa chuo cha kwanza tunailipia Jumatatu.

#18 Fundi Hesabu

Kijana, hoja yako ni nzito. Nikuoneshe tu ukubwa wa tatizo. Skripti 600, dakika 10 kila moja, ni saa 100. Hizo ni zaidi ya wiki mbili za kazi za saa 45, kozi moja tu, bila kufundisha, bila vikao, bila kuingiza alama kwenye mfumo unaokatika. Mhadhiri mwenye kozi tatu kama hizo ana njia mbili: apunguze dakika kwa kila mwanafunzi, au achukue saa kwenye usingizi wake. Lile neno la pembeni unalolitaka ndilo la kwanza kukatwa.

#19 Mwana wa Isevya

#18 umenisemea. Kijana, nikiwa na darasa la watu 60 naandika pembeni mpaka nafasi inaisha. Napenda ile kazi. Kinachoniuma zaidi ya mgongo ni kusoma jibu la mtoto ambaye nusu ya hoja ameishika, anahitaji mistari mitatu tu aelewe, na mimi naweka 11 kwenye 20 naenda kwa mwingine.

#20 Wakili wa Gongoni

Ninyi mnataja saa bila kujua haki zenu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na likizo ya mwaka siku 28 mfululizo ikihesabu na wikiendi. Kusahihisha ukiwa likizo ni kufanya kazi ukiwa likizo, hata kama unafanyia sebuleni kwako.

Mnaosaini mikataba ya miezi minne minne kwenye vyuo binafsi: kanuni za 2017 zinasema mkataba wa muda maalumu usipungue miezi 12. Ukipewa wa muhula mmoja, uliza kabla ya kusaini.

Na afya msiichezee. WHO na ILO (Shirika la Kazi Duniani) walitoa matokeo yao mwaka 2021: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yuko kwenye hatari ya kiharusi kubwa kwa 35% kuliko wa saa 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kubwa kwa 17%. Mwenye vyuo vitatu ajihesabie.

#21 Mwalimu wa Kaliua

Jamani, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nasoma hapa nashangaa. Mtu ana milioni moja na ushee mkononi anasema hana maisha! Mimi darasa langu lina watoto zaidi ya mia, naandalia masomo yote, na maji nachota kisimani. Mhadhiri akisema amechoka namheshimu, lakini akisema analipwa kidogo naomba aje akae na mimi mwezi mmoja.

#22 Binti wa Cheyo

#21 mwalimu, hakuna anayekubishia. Baba yangu alikuwa mwalimu wa msingi huko Sikonge, najua kisima unachosema. Ila wewe ukilipwa kidogo hainifanyi mimi nilale usingizi. Wote tunaanguka kutoka mti mmoja, matawi tofauti.

#23 Migebuka Mbichi

Ndiyo maana ukimuuliza mtoto wa mwalimu anataka kuwa nani, anakwambia TRA au bandari.

#24 Mhitimu Mpya

Samahani kuingilia. GPA yangu inafika ile 3.8 ya ukufunzi msaidizi na nimeitwa kazini kwenye chuo kimoja cha kanda hii. Nyumbani Kasulu wanafurahi, mama ameshawaambia majirani. Baada ya kusoma uzi huu nimeogopa. Niende au nitafute kazi nyingine?

#25 Chaki na Vumbi

Nenda. Ila uliza mshahara kwa maandishi, sio kwa mdomo, na uliza kama chuo kinapeleka michango NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kila mwezi. Kuna chuo nilifanya, makato nilikuwa nakatwa, lakini kwenye mfuko wa hifadhi hayakufika kwa muda mrefu.

#26 Ujiji Kwetu

Uliza masomo ya uzamili nani anagharamia na utaachiwa lini. Ukufunzi msaidizi bila masomo ni kukaa mlangoni. Na usiikimbie kanda hii. Muhimbili, chuo kikuu cha afya, walianza kujenga kampasi hapa Kigoma kupitia HEET, ule mradi wa dola milioni 425 wa Benki ya Dunia ulioanza 2021. Miaka inayokuja watahitajika watu wanaokubali kuishi huku, na wenye kukubali wana nguvu ya kudai.

#27 Binti wa Cheyo

Mdogo wangu, muulize mhadhiri wa kike wa idara hiyo, pembeni, mbali na ofisi. Atakwambia ambayo barua ya ajira haisemi.

#28 Mzee wa Igombe

Na siku ya kwanza waulize chama cha wafanyakazi kiko wapi. Wakikuonesha mlango uliofungwa, utafute mwenye ufunguo.

#29 Mwana wa Isevya

Mhitimu, mimi nakuuliza wewe: unapenda kufundisha? Sio cheo, kufundisha. Kama ndiyo, nenda, na uliza jambo moja ambalo hawa wote hawajalitaja. Uliza darasa la mwaka wa kwanza lina watu wangapi na wanaosahihisha ni wangapi. Namba hizo mbili ndizo zitakazoamua utalala saa ngapi.

#30 Chaki na Vumbi

Akishazipata hizo namba mbili, bado atauliza analipwa ngapi. 😂 Isevya, umebakiza skripti ngapi?

#31 Mwana wa Isevya

Nimemaliza swali la pili. Yapo matano. Mhitimu, ukipata majibu yao yaweke hapa hapa, na wengine mliosaini mikataba mwaka huu semeni mliandikiwa nini kuhusu idadi ya wanafunzi.

#32 Mhitimu Mpya

Asanteni sana wote, shikamoo mzee. Naenda Jumatatu. Mkuu wa idara nimemtumia ujumbe kuuliza hiyo idadi. Amejibu: "Njoo kwanza."